Mwenye Duka na Mwizi Wake

Katika filamu ya Kifaransa iitwayo Monsieur Ibrahim et les fleurs du Coran, ambayo kwa lugha yetu tungeiita Bwana Ibrahim na Maua ya Qur'ani, pana onyesho moja fupi ambalo twapenda kuanza nalo makala ya juma hili. Mtaani panapigwa picha za sinema. Nyota wa sinema hiyo, bibi mzuri aliyejipamba, anaona kiu, anaingia katika duka dogo lililo karibu na kuomba chupa ya maji. Mzee mwenye duka anamtajia bei isiyopata kusikika. Bibi anashangaa, lakini analipa na kwenda zake. Kijana aliyekuwapo dukani anamwuliza mzee imekuwaje akathubutu kumwuzia mtu maji kwa bei ile. Mzee anamjibu kwa upole kwamba hana budi kufidia mahali fulani thamani ya makopo yote ambayo kijana huyo amekuwa akimwibia.

Kijana hana la kusema. Alikuwa akidhani kwamba hakuna aliyemwona.

Biashara ya mzee huyu na yule bibi hatuitetei. Kumpunja mnunuzi ni kumpunja, hata akiwa tajiri. Lakini yaliyopita kati yake na yule mwizi mdogo ndiyo yaliyotufanya tuitazame filamu hii mara ya pili, na ndiyo tunayotaka kuyazungumza nanyi. Mzee alijua tangu siku ya kwanza. Aliona kopo likitiwa ndani ya koti, akanyamaza. Akaona la pili na la kumi, akanyamaza. Hakumshika mkono, hakupiga kelele, hakumpelekea baba yake habari. Alipoamua kumjulisha kwamba ajua, alichagua saa ambayo walikuwa wawili peke yao, na akalisema katikati ya mzaha. Baada ya hapo anamwambia kwamba akiwa hana budi kuiba, basi ni afadhali aibe dukani kwake kuliko kwingine.

Sisi tuliolelewa katika dini hii tunalo neno la kitendo hicho. Ni sitara.

Filamu yenyewe ilitoka mwaka 2003, ikaongozwa na François Dupeyron, na chanzo chake ni kitabu kidogo cha mwandishi Eric-Emmanuel Schmitt kilichochapishwa mwaka 2001. Mambo yanatendeka Paris, katika mtaa uitwao Rue Bleue, miaka ya mwanzo ya 1960. Mwenye duka, Mzee Ibrahim, ni Mwislamu aliyetoka Uturuki. Miaka nenda miaka rudi ameketi nyuma ya meza yake, mtu wa maneno machache. Kijana ni Myahudi, jina lake Moïse, yaani Musa, naye huitwa Momo. Mama yake aliondoka zamani. Baba yake yupo, lakini ni kama hayupo: anarudi kazini jioni, anaketi gizani na vitabu vyake, anahesabu fedha za matumizi hata senti ya mwisho, na neno analolirudia kwa mwanawe ni kwamba kaka yake mkubwa, Popol, alikuwa mtoto bora kuliko yeye. Kijana huyu ndiye anayekwenda sokoni, ndiye anayepika, ndiye anayeosha vyombo. Anaiba makopo ili fedha alizopewa zitoshe, na ili abakishe kidogo katika kibubu chake.

Anapoiba hujituliza moyo kwa kujiambia kwamba mwenyewe ni Mwarabu tu. Mzee, kana kwamba amesikia lililo moyoni mwake, anamwambia siku moja kwamba yeye si Mwarabu hata kidogo. Hapo kijana, na mtazamaji pamoja naye, anapata somo la lugha ya mitaa ya Paris: katika biashara ya duka, Mwarabu si kabila. Mwarabu ni mtu anayefungua duka usiku na siku ya Jumapili, wengine wanapofunga.

Tulicheka tuliposikia hayo, kwa kuwa twayajua. Pwani yetu nayo imekuwa na maduka yake ya namna hiyo. Tulikuwa tukitumwa kwa Mshihiri, tukitumwa kwa Mhindi. Na ndugu zetu wa Dar es Salaam hadi leo husema wanakwenda kwa Mpemba, hata kama mwenye duka hajapata kuvuka bahari kwenda Pemba. Ni majina ya mapenzi, hatukatai. Lakini jina la namna hiyo humficha mtu. Waweza kununua sukari na majani ya chai kwa mtu miaka ishirini, akakukopesha mwisho wa mwezi, akawajua watoto wako wote kwa majina, nawe usijue yeye aitwa nani wala kwao ni wapi. Momo ameishi mkabala na Mzee Ibrahim tangu utoto wake, na kila siku ameingia dukani mwake. Urafiki wao unaanza siku wanapojuana majina na asili.

Kutoka hapo mzee anamfundisha kijana mambo madogo madogo. Anamfundisha kubana matumizi, na ni heri tusiwaeleze hila zake, maana baadhi yake zinahusu nyama ya kopo iliyotengenezewa mbwa. Anamfundisha kutembea na kuutazama mji anaokaa. Zaidi ya yote anamfundisha kutabasamu. Kijana anaona kwamba tabasamu ni anasa ya matajiri, ya watu walio na raha. Mzee anamwambia ameshika mambo kinyume: tabasamu hutangulia, na raha hufuata. Basi Momo anajaribu. Anamtabasamia mwalimu wake, anawatabasamia watu wa mtaani, na milango ambayo daima ilikuwa imefungwa inaanza kufunguka. Mwisho anamjaribia baba yake. Baba anamkazia macho, anamsogelea, kijana anangoja. Kisha baba anasema kwamba meno yake yamejitokeza mbele na itabidi yatiwe waya. Hatukumbuki kuona katika sinema mtoto akipigwa pigo zito kuliko hilo, na baba hakuinua mkono.

Tungependa akina baba wanaosoma ukurasa huu waitazame sehemu hiyo bila haraka. Yule baba si dhalimu. Kitabuni tunaelezwa kwamba wazazi wake walichukuliwa na kuuawa wakati wa Wanazi, naye akabaki hai, na kubaki hai huko kulimlemea maisha yake yote. Ni mtu aliyevunjika ambaye hakupata wa kumshika mkono. Baadaye anafukuzwa kazi, anatoroka na kumwacha kijana na fedha chache na barua, na mwisho wake ni kujitupa chini ya gari moshi. Momo anaachwa peke yake katika nyumba tupu, akijifanya mbele ya majirani kwamba baba yupo, amesafiri tu.

Jirani mmoja hakudanganyika. Ni yule mwenye duka.

Tusimame hapa kidogo, maana jambo hili latuhusu. Katika mitaa yetu ya pwani zipo baraza na yapo maskani. Barazani wameketi wazee baada ya Alasiri. Maskani wameketi vijana, pengine tangu asubuhi. Kati ya baraza na maskani aghalabu hapafiki hatua thelathini, na katika hatua hizo hapapiti hata salamu. Tunawajua vijana wale kwa sifa zao: yule anakula miraa, yule ameacha shule, yule simu za watu hazisalimiki mbele yake. Huenda sifa hizo ni za kweli. Lakini ni wazee wangapi wanaojua nyumbani kwa yule kijana kuna nini? Kuna mama? Kuna chakula cha usiku? Na siku akishikwa na mkate wa watu chini ya shati, sote twajua kinachofuata. Neno "mwizi" likipazwa mtaani humfanya mtoto wa jirani kuwa mnyama wa kuwindwa, na wanaokimbilia kumpiga wamo waliomjua tangu alipokuwa akisoma juzuu chuoni.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayemsitiri mwenziwe, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Wapo watakaosema kwamba kumsitiri mwizi ni kumlea katika wizi. Filamu hii yawajibu vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Mzee Ibrahim hakumwacha kijana katika ujinga wa kudhani hajaonekana. Huko ndiko kungekuwa kumlea. Alimjulisha kwamba ameonwa, kisha akamwachia heshima yake. Kijana aliyeonwa akaachiwa heshima alishindwa kuendelea kumwibia mtu yule. Wizi wa makopo unakwisha, na hatukuona mahali popote ambapo mzee aliukataza.

Sasa tuseme na yasiyopendeza, kwa sababu mzazi akiifungua filamu hii mbele ya watoto kwa kuwa ameona neno Qur'ani katika jina lake, atatulaumu. Rue Bleue ya filamu hii ni mtaa wenye wanawake wanaouza miili yao, na Momo, kijana anayebaleghe bila mlezi, anavunja kibubu chake ili aende kwao. Maonyesho hayo yako mapema, hayajafichwa, na Mzee Ibrahim anayachukulia kwa wepesi ambao sisi hatuwezi kuukubali. Kitabuni mzee huyo hunywa kileo pia, na akiulizwa husingizia Usufi wake. Hapo twaachana naye njia panda. Wasomaji wetu wa Lamu, waliokulia katika dhikri na Maulidi na adabu za masharifu, hawahitaji kuambiwa na mtu wa Paris kwamba Usufi haukupata kuwa ruhusa ya kuiacha sharia. Mwandishi alimtaka Mwislamu atakayewapendeza watu wake, Mwislamu laini asiyemkera mtu, na mara kwa mara mkono wa mwandishi waonekana. Mzee akiulizwa jambo lolote hujibu kwamba ajua yaliyomo katika Qur'ani yake. Ni jibu tamu, lakini mtu aweza kujificha nyuma yake.

Kwa hivyo shauri letu ni hili: si filamu ya watoto. Wazazi waitazame wao kwanza, na mwenye kijana mkubwa aamue mwenyewe kama atamketisha au atamsimulia tu. Kusimulia nako hakuna ubaya. Hadithi hii husimulika vizuri.

Baada ya kifo cha baba, Momo anamwuliza Mzee Ibrahim kama atakubali kuwa baba yake, na mzee anakubali papo hapo. Linafuata suala la maofisi, karatasi na mihuri, na mzee, mtu asiyeinuka kitini mwake kwa urahisi, anayahangaikia yote hadi kijana anaandikwa kuwa mwanawe kwa sheria ya Ufaransa. Wapo watakaouliza, na ni haki yao kuuliza: je, dini yaruhusu? Qur'ani Tukufu, katika Suratul Ahzab, imetuzuia kumfanya mtoto wa mtu kuwa wa damu yetu na kumpa jina lisilo lake. Lakini kumchukua mtoto asiye na mlezi, ukamlisha, ukamsomesha na kumpa mahali pa kulala, nasaba yake ikabaki ilipo, hiyo ni kafala, na malipo yake kwa Mola twayajua. Wengi hawana habari kwamba Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitaja kafala kwa jina lake hilo hilo. Familia inayofikiri kumlea mtoto wa namna hii yaweza kufuata njia ya sheria bila ya kuiacha njia ya dini. Waliokwisha kumchukua mtoto wa marehemu jirani kwa maneno tu, bila karatasi, wamwone kadhi na ofisi ya watoto mapema, kabla ya siku ya kutafuta cheti cha kuzaliwa au nafasi ya shule.

Na hapa pana jambo lililotugusa zaidi ya yote. Sote tumesoma hadithi ya Jibril (a.s.) alivyoendelea kumuusia Mtume juu ya jirani, mpaka Mtume akadhani jirani atafanywa kuwa mrithi. Tumeisikia katika hotuba nyingi mno, na pengine kwa kuisikia sana tumeacha kuistaajabia. Katika filamu hii jirani anarithi. Jirani mwenyewe ni Myahudi, mtoto, na aliyekuwa mwizi wa nyumba hiyo hiyo. Hukumu za mirathi kati ya watu wa dini mbili tunawaachia masheikh wetu, nao watawaeleza mlango wa wasia na theluthi yake. Sisi tulibaki tukijiuliza ni nani katika majirani zetu ambaye wazo la kumwachia kitu lilipata hata kutupitia akilini.

Neno Myahudi, katika nyumba zetu za leo, huingia kwa mlango mmoja tu, nao ni habari za vita na watoto wa Palestina wanaouawa. Ghadhabu hiyo tunayo na hatuioni haya. Lakini mtoto anayekua bila kulisikia neno hilo penginepo hukua akidhani hapana penginepo. Katika hamamu Momo anagundua kwamba mzee ametahiriwa kama yeye alivyotahiriwa, na mzee anamkumbusha kwamba jambo hilo wamelirithi sote kwa Nabii Ibrahim. Kijana hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote, wala na baba yake, kuwa Myahudi ni nini. Anakuja kuambiwa na Mwislamu.

Aliyeuvaa uhusika wa Mzee Ibrahim ni Omar Sharif, ambaye wazee wetu waliokuwa wakienda sinema miaka ya sitini watamkumbuka kwa Lawrence of Arabia ya mwaka 1962. Alizaliwa Alexandria mwaka 1932 katika familia ya Kikristo kwa jina la Michel Chalhoub, akasilimu, na mwaka 1955 akamwoa Faten Hamama, nyota mkubwa wa sinema za Misri. Filamu hii ilipotoka alikuwa ametimiza miaka 71, nywele zimekuwa nyeupe, na kazi hiyo ikampatia tuzo ya César ya mwigizaji bora nchini Ufaransa mwaka 2004. Kijana aliyeigiza Momo ni Pierre Boulanger. Sharif alifariki Cairo mwaka 2015, Mungu amrehemu.

Sehemu ya mwisho ni safari. Mzee ananunua gari jekundu lisilo na paa, kisha ndipo inapodhihirika kwamba hajui kuendesha. Anakwenda kujifunza uzeeni, na kicheko cha filamu kiko humo. Wanaondoka wawili, wanapita Ugiriki, wanafika Istanbul. Huko mzee anamfunga kijana kitambaa machoni na kumwingiza katika nyumba za ibada moja baada ya nyingine, azitambue kwa harufu. Wanawaona madarweshi wakizunguka. Kisha wanaelekea vijijini, nyumbani kwa mzee, mahali alipozaliwa, na karibu na hapo mzee anatangulia peke yake na gari. Anapata ajali. Momo anamkuta akiwa katika pumzi zake za mwisho, hana hofu wala majuto.

Kijana anarudi Paris na msahafu wa mzee. Tangu mwanzo alitamani kujua ni nini kilichomo humo, kwa kuwa mzee alikuwa akiutaja kila siku. Anaufungua, na kati ya kurasa anakuta maua yaliyokaushwa. Twakiri kwamba tulitazamia zaidi, aya fulani labda, au maneno yaliyoandikwa pembeni kwa mkono, filamu haikutupa. Imetupa maua tu, nasi tumeyapokea hivyo hivyo.

Mama yake Momo naye anarejea baada ya miaka hiyo yote, akimtafuta mwanawe. Anamkuta kijana anapaka rangi kuta za nyumba na hamtambui. Momo anamwambia kwamba Moïse ameondoka, na kwamba yeye anaitwa Mohammed. Maana Momo, kwa Wafaransa, ni kifupi cha jina hilo pia. Mazungumzo yao ni ya watu wawili wanaojuana na wanaojifanya hawajuani. Hapo ndipo kijana anapopata kujua kwamba Popol, yule kaka mwema aliyekuwa akipigiwa mfano na baba yake utoto wote, hakupata kuzaliwa.

Baadaye duka la Rue Bleue liko wazi usiku, na Jumapili pia. Nyuma ya meza ameketi Momo, sasa mtu mzima. Watu wa mtaa wanaingia, wananunua, wanaagana naye. Na wakiulizwa wanakwenda wapi, husema wanakwenda kwa Mwarabu.